Kabla ya Masika: Mwaka wa Zahanati ya Mtaani Pwani

Mvua za masika zikianza kushuka katikati ya Machi, zahanati za pembezoni mwa Dar es Salaam, kuanzia Chanika mpaka Mbagala na kuvuka hadi Mkuranga, huwa zina siku nne tano tu kabla benchi la wagonjwa halijajaa. Wanaotangulia ni watoto wa kuharisha. Maji yamefurisha vyoo vya shimo, yakaingia kwenye visima vifupi na mabomba yenye ufa, na kufika mwisho wa wiki kina mama wanapiga hodi na watoto waliolegea. Dengue, homa ya virusi inayoenezwa na mbu, hufuata baada ya wiki mbili tatu. Malaria, ambayo kila mtu huihusisha na mvua, ndiyo ya mwisho kufika, na hapo ndipo zahanati nyingi hukosea hesabu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kwa joto la Pwani, mbu wa Anopheles huchukua siku 10 hadi 14 kutoka yai mpaka kuruka. Akimuuma mtu mwenye vimelea, navyo huchukua siku nyingine 10 hadi 14 kukomaa ndani yake. Akimuuma mtu wa pili, homa hujitokeza baada ya siku 7 hadi 14. Jumla ni wiki nne hadi sita tangu madimbwi yajae. Kwa hiyo masika ya katikati ya Machi huleta malaria mwishoni mwa Aprili, na wimbi lenyewe huwa Mei, pengine hadi Juni, mvua imeshakatika na watu wameshakunja vyandarua.

Sasa angalia agizo la vifaa. Kawaida hukadiriwa kwa wastani wa matumizi ya miezi mitatu iliyopita. Tuseme zahanati ilitumia vipimo vya malaria 60 Januari, 50 Februari na 70 Machi. Wastani ni 60, mhudumu anaongeza 20 vya tahadhari, anaagiza 80. Mei inakuja inataka 180. Kabla mwezi haujafika nusu boksi ni tupu, na kuanzia hapo kila mwenye homa anaandikiwa dawa kwa kubahatisha. Dawa ya mseto ya kutibu malaria nayo inakwisha, kwa sababu wanapewa hata wasio na malaria. Tatizo hili halihitaji pesa zaidi, linahitaji kufungua daftari la MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya) la wagonjwa wa nje la mwaka jana, Aprili hadi Juni, na kuagiza kwa namba zile. Kama mwaka huu mvua imechelewa wiki tatu, sogeza namba hizo mbele wiki tatu.

Elimu ya afya inayotolewa asubuhi pale benchini ifuate hesabu hiyohiyo. Somo la ORS (chumvi na sukari ya kuchanganya na maji kwa anayeharisha) na maji salama ni la mwanzoni mwa Machi, kabla ya tone la kwanza. Somo la mapipa na matairi, wanamozaliana mbu wa dengue, ni la Februari. Somo la chandarua lirudiwe Mei, wakati kila mtu anadhani msimu umepita. Kuwaeleza watu habari za kipindupindu wakati kambi ya wagonjwa imeshafunguliwa ni kuchelewa.

Pakiti moja, lita moja

Hakuna dawa rahisi kuliko ORS, wala inayochanganywa vibaya kuliko hiyo. Pakiti ya kawaida ya gramu 20.5 ni ya lita moja ya maji safi, basi. Nyumbani mambo huwa tofauti. Mwingine anamimina nusu pakiti kwenye kikombe cha chai. Mwingine anatumia chupa ya soda ya kioo, ambayo haifiki hata nusu lita, akidhani ndiyo lita. Mwingine anaongeza sukari ili mtoto aipende. Matokeo ni maji yenye chumvi au sukari kupita kiasi, yanayovuta maji kutoka mwilini badala ya kuyarudisha, na mama anarudi kesho yake akisema dawa imezidisha ugonjwa. Kwa kiasi fulani anasema kweli.

Dawa ya hilo ni kuchanganya mbele yake. Muulize: "Mama, nyumbani una chupa gani?" Wengi wana chupa za maji za nusu lita au za lita moja na nusu. Za nusu lita, mwonyeshe mbili zinazojaa. Ya lita moja na nusu, chora mstari kwa kalamu ya wino mzito pale theluthi mbili inapoishia, kisha mpe chupa hiyohiyo aende nayo. Baada ya kila choo cha maji, mtoto wa chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100, yaani robo hadi nusu kikombe. Wa miaka miwili na zaidi, nusu kikombe hadi kikombe kizima. Akitapika, ngoja dakika 10, halafu anza tena kwa kijiko cha chai, kimoja kila dakika moja au mbili. Kunyonya kusikatishwe. Kilichobaki baada ya saa 24 kimwagwe.

Zinki inasahaulika sana. Mtoto wa miezi sita na kuendelea hupewa miligramu 20 kwa siku, wa chini ya hapo 10, kwa siku 10 hadi 14. Kuhara kukikoma siku ya tatu, mama huacha. Mwambie wazi kwamba siku zilizobaki ni za kuutengeneza utumbo ili wiki zijazo asihare tena. Asipoelezwa sababu, hatamaliza.

Na dafu? Watu wa Pwani hulipenda, na halina ubaya kama kinywaji. Lakini dafu lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, wakati anayeharisha anapoteza sodiamu kwa wingi. Halichukui nafasi ya ORS. Usiku pakiti ikikosekana, lita moja ya maji safi, nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko sita vya chai vya sukari, vyote vya kusawazishwa, vinasaidia mpaka kukuche.

Choo kikiwa kama maji ya mchele na kinatoka kwa wingi, hasa kwa mtu mzima, hiyo si habari ya kusubiri maabara. Mgonjwa wa kipindupindu kikali anaweza kupoteza hadi lita moja kwa saa. Anza maji mara moja, toa taarifa kwa mganga mkuu wa wilaya siku hiyohiyo, na andaa klorini. Dawa ya madoa ya klorini 3.5% ikichanganywa sehemu moja na maji sehemu sita hutoa myeyuko wa 0.5%, wa kumwagia sakafu na ndoo. Kwa mikono, chukua sehemu moja ya myeyuko huo uongeze maji sehemu tisa, utapata 0.05%. Uchanganywe upya kila siku, kwa sababu klorini hupungua nguvu, hasa ndoo ikiwekwa juani. Mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 uliwakumbusha watu kwamba kipindupindu hakingoji masika. Kiangazi chenye uhaba wa maji kinatosha.

Homa ambayo si malaria

Kipimo cha haraka cha malaria ni kifaa kizuri ambacho watu wanakiharibu kwa haraka. Spiriti haijakauka kidoleni, sindano imeshachoma. Damu imewekwa tone zima badala ya mikrolita 5, kidirisha chote kinakuwa chekundu na mstari hauonekani. Boksi limeishiwa chupa ya kimiminika, mtu anachukua ya boksi la kampuni nyingine. Kosa kubwa zaidi ni saa. Vipimo vingi husomwa dakika ya 15 au ya 20, kadiri karatasi ya ndani inavyosema. Ukisoma dakika ya tano unakosa mstari hafifu, ukisoma baada ya saa nzima unaweza kuona mstari usiokuwepo. Andika jina la mgonjwa na saa ya kuweka damu juu ya kaseti yenyewe, kwa kalamu. Mstari wa C, unaoonyesha kipimo kinafanya kazi, usipotokea, kipimo kimekufa, rudia kwa kingine hata kama mstari wa T, wa majibu, umetokea. Na boksi lisikae juu ya kabati lililo chini ya bati. Joto la Februari litaliua kabla ya tarehe yake.

Jambo jingine: vipimo hivi husoma protini inayobaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Aliyemaliza mseto wiki iliyopita akija na homa mpya, kipimo kitasema malaria, na huenda si kweli. Huyo apimwe kwa darubini.

Mseto wenyewe hutolewa kwa uzito, kwa hiyo mtoto apande mizani. Kilo 5 hadi chini ya 15 ni kidonge kimoja kwa dozi. 15 hadi chini ya 25, viwili. 25 hadi chini ya 35, vitatu. 35 na kuendelea, vinne. Dozi ya pili ni saa nane baada ya ya kwanza. Aliyeanza saa tisa alasiri anakunywa ya pili saa tano usiku, si kesho asubuhi. Kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Ameze pamoja na chakula chenye mafuta, iwe chai ya maziwa, uji wa karanga au parachichi, kwa sababu lumefantrini bila mafuta hufyonzwa kidogo sana. Akitapika ndani ya nusu saa, arudie dozi. Homa hushuka mapema, na hapo ndipo vidonge vilivyobaki vinapofichwa kabatini kwa ajili ya mtoto mwingine. Wawili wanatibiwa nusunusu.

Kipimo kikisema hakuna malaria, mgonjwa wa Pwani atauliza, "Sasa daktari, ni nini?" Swali ni la haki. Ubaya ni jibu ambalo zahanati nyingi za binafsi hulikimbilia: Widal, kipimo cha damu cha taifodi, halafu taifodi, halafu antibiotiki za sindano kwa siku tano. Widal moja haithibitishi taifodi. Inapima kingamwili, na mtu anayeishi mahali ambapo ugonjwa huo upo anaweza kuwa nazo bila kuumwa. Cha kuthibitisha ni kuotesha damu, jambo ambalo zahanati haiwezi, hivyo wa kushukiwa kweli apewe rufaa. Zahanati inayotoa "malaria na taifodi" kwa kila wa pili anayeingia inauza maabara tu.

Homa nyingi za masika ni za virusi, na mojawapo ni dengue, iliyotikisa Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Mbu wake, Aedes, huuma mchana na huzaliana kwenye maji yaliyotulia karibu na nyumba: pipa, ndoo, tairi, kifuu cha nazi, sahani ya chini ya chungu cha maua. Mayai yake hugandamana kwenye ukuta wa chombo juu kidogo ya maji na huvumilia ukavu kwa miezi. Kumwaga maji peke yake hakutoshi. Pipa lisuguliwe kwa brashi kila wiki, maana yai hadi mbu ni siku 7 hadi 10 tu.

Kwa mgonjwa mwenyewe, kosa linaloua ni sindano ya maumivu. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini huongeza hatari ya kutoka damu. Homa itulizwe kwa parasetamoli pekee, na anywe maji kwa wingi. Mwambie ndugu yake kwamba kipindi cha kuogopa ni pale homa inaposhuka, kati ya siku ya tatu na ya saba. Tumbo likimuuma sana, akitapika mfululizo, fizi zikitoka damu au akiwa mzito wa kuamka, aende hospitali usiku huohuo. Ndugu wengi humwona homa imetoka wakashukuru Mungu, wakalala.

Kusi na kifua

Kuanzia Juni upepo wa kusi unaleta ubaridi, mafua na vikohozi. Hapa kazi moja inapita nyingine zote: kuhesabu pumzi. Mtoto awe ametulia, halii wala hanyonyi. Pandisha fulana, tazama tumbo, tumia saa ya simu, hesabu dakika nzima. Ile ya kuhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne haifai, kwa sababu watoto wadogo hupumua kwa kusitasita. Chini ya miezi miwili, pumzi 60 na zaidi ni hatari. Miezi miwili hadi chini ya mwaka, 50. Mwaka mmoja hadi chini ya mitano, 40. Akifikisha, hiyo ni nimonia ya kutibiwa. Asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege au asiyeamka vizuri apewe rufaa bila mjadala. Asiyefikisha na hana dalili hizo ana mafua, na antibiotiki haimsaidii. Dawa za kikohozi za chupa kwa mtoto mdogo ni kupoteza fedha. Asali kijiko kidogo inatosha, ila kamwe si kwa wa chini ya mwaka mmoja.

Mvua na ubaridi vina jambo jingine linalojificha: mahudhurio ya chanjo hushuka. Barabara haipitiki, mama anasema atakuja wiki ijayo, na ile ya surua na rubela ya miezi 9 inarukwa. Chupa ya chanjo hiyo, ikiwa ya dozi nyingi, ikishachanganywa haitumiki baada ya muda wa saa sita kupita, kwa hiyo wauguzi wengine husita kuifungua kwa watoto wawili na kuwaambia kina mama warudi siku ya watu wengi. Fungua. Chupa iliyomwagwa ina bei, na mtoto aliyerudishwa huenda asirudi mpaka awe na vipele.

Umeme nao hukatika zaidi msimu wa mvua. Jokofu la chanjo likae kati ya nyuzi 2 na 8, lisomwe asubuhi na jioni, Jumapili ikiwemo. Watu huogopa joto na kusahau baridi: chanjo za penta (ya magonjwa matano), PCV (ya nimonia), HPV (ya saratani ya mlango wa kizazi) na pepopunda zikiganda zimeharibika hata zikiyeyuka na kuonekana kama kawaida. Barafu iliyotoka kwenye friza isigusane nazo moja kwa moja. Iache nje mpaka ukiitikisa usikie maji yakicheza ndani, ndipo uipange kwenye kikasha.

Kaskazi, macho na futari

Novemba maembe yanaiva, nzi wanaongezeka, kuhara kunarudi kidogo, na watoto wanaanguka mitini na kuvunja mikono. Desemba watu wanasafiri mikoani, hivyo mwenye presha, kisukari au anayetumia ARV apewe dawa za kutosha mpaka arudi, na kadi yake aibebe. Mwanzo wa 2024 Dar es Salaam ilikuwa na macho mekundu kila nyumba. Hiyo ni ya virusi, hupona yenyewe ndani ya wiki moja au mbili kwa kunawa kwa maji safi na kila mtu kuwa na taulo lake. Matone yenye deksamethasoni, ambayo maduka ya dawa huyauza bila kuuliza, yanaweza kumharibia mtu kioo cha jicho. Chai ya rangi, mkojo na maziwa ya mama visitiwe machoni.

Ramadhani husogea nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, na kwa sasa imeangukia joto la kaskazi. Mwenye kisukari aonwe wiki sita hadi nane kabla, siyo siku ya mwezi kuandama. Wa kisukari cha aina ya kwanza, mjamzito mwenye kisukari, mwenye figo zilizochoka na aliyewahi kuzimia kwa sukari kushuka miezi mitatu iliyopita washauriwe kutofunga, na ni vizuri sheikh wao ahusishwe, maana neno lake lina uzito kuliko la tabibu. Wanaofunga wakitumia metformini, dawa ya kisukari, humeza wakati wa futari na daku. Wa glibenklamidi, dawa nyingine ya kisukari, wabadilishiwe mapema, ikiwezekana gliklazidi, kwa sababu ya kwanza hushusha sukari mchana bila taarifa. Masheikh wengi wanasema kutoboa kidole hakubatilishi saumu, kwa hiyo apime adhuhuri na alasiri. Sukari ikiwa chini ya 3.9 au juu ya 16.6 (mmol/L) afungue papo hapo, hata kama zimebaki dakika 20 adhana iadhiniwe.

Futari yenyewe ndiyo inayopandisha. Uji wenye sukari, tende, muhogo wa nazi, tambi na kaimati, vyote kwenye sinia moja, ni wanga juu ya wanga. Tende moja au mbili na maji, swala, halafu chakula kimoja cha wanga pamoja na samaki au maharage na mboga. Daku isogezwe karibu na alfajiri kadiri inavyowezekana. Na insulini inayotumika, ambayo kawaida hudumu wiki nne kwenye joto lisilozidi nyuzi 30, isikae kwenye chumba cha bati Februari. Asiye na jokofu aitie kwenye mfuko wa plastiki, aiweke ndani ya chungu kidogo kilichozungukwa na mchanga mbichi ndani ya mtungi mkubwa, kivulini, na mchanga uloweshwe asubuhi na jioni.